Mguso wa Pili: Tafakari juu ya Ubongo Uliounganishwa na Kompyuta



Wapendwa katika Kristo, Injili ya Marko inatusimulia muujiza mmoja usiofanana na mingine (Mk 8:22-26). Watu wa Bethsaida wanamletea Bwana kipofu na kumsihi amguse. Yeye anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Jibu la mtu yule linashangaza: anawaona watu, lakini machoni pake wanafanana na miti inayotembea. Uponyaji umeanza, lakini haujakamilika. Ndipo Bwana anapomwekea mikono mara ya pili, na mtu yule anaona kila kitu waziwazi. Yeye aliyeituliza bahari kwa neno moja hakushindwa kumponya kipofu kwa mguso mmoja. Alipenda kumponya hatua kwa hatua.

Nimeikumbuka Injili hii kwa sababu ya swali nililoulizwa majuma machache yaliyopita. Mama mmoja, ambaye mumewe alipatwa na kiharusi na tangu siku hiyo hawezi kutamka neno linaloeleweka, alioneshwa na mwanawe habari za wagonjwa wa Marekani waliowekewa kifaa ndani ya ubongo na ambao sasa wanazungumza kwa msaada wa kompyuta. Akaniuliza: "Padre, je, jambo hili ni la kweli? Na kama ni la kweli, litatufikia baada ya miaka mingapi?"

Swali hilo ni la haki, wala si la mama huyo peke yake. Katika kila kigango tunapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, tunawakuta watu ambao macho yao yanatutambua na midomo yao inajaribu kuitikia, ila ulimi umefungwa. Napenda basi tutafakari pamoja juu ya mwendo wa teknolojia hii: imetoka wapi, inakwenda kwa kasi gani, na sisi tulio wafuasi wa Kristo tuipime kasi hiyo kwa kipimo gani.

Jambo lenyewe ni la kweli, tena si la jana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kwa mara ya kwanza kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo kutoka kichwani mwa binadamu, na mwaka 1929 akatangaza matokeo yake. Mwaka 1973 Jacques Vidal, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliandika juu ya uwezekano wa ubongo kuwasiliana na kompyuta moja kwa moja. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Matthew Nagle, kijana Mmarekani aliyepooza baada ya kuchomwa kisu shingoni, kuwekewa mwaka 2004 kifaa kidogo chenye elektrodi 96 ndani ya ubongo wake. Kwa kukusudia tu, pasipo kuinua kidole, aliweza kusogeza alama kwenye kompyuta, kufungua barua pepe na kuwasha televisheni. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya Cathy Hutchinson, mwanamke aliyekuwa amepooza mwili na kukosa usemi kwa karibu miaka 15. Aliuongoza mkono wa roboti kwa ubongo wake, akajiletea kahawa kinywani na kuinywa. Picha za tabasamu lake baada ya kunywa zinatosha kumwonesha mtu yeyote kwa nini utafiti huu ni mwema.

Hufanyaje kazi? Seli za neva huwasiliana kwa mishtuko midogo sana ya umeme. Mtu aliyepooza anapojaribu kuinua mkono au kutamka neno, mara nyingi ile sehemu ya ubongo inayoamuru mkono au ulimi huendelea kutoa amri yake. Amri hiyo hukatikia njiani, kama maji yanavyokatika bomba linapopasuka, ingawa chemchemi bado inatoa maji. Elektrodi huwekwa karibu na chemchemi hiyo ili kuinasa amri kabla haijapotea. Kisha kompyuta hufundishwa kwa muda mrefu: mgonjwa hujaribu kutamka sentensi anazooneshwa, tena na tena, mpaka programu itambue ni mchoro upi wa mishtuko unaoendana na sauti ipi.

Ndugu zangu, mtu akiniuliza kasi ya maendeleo haya, humjibu kwamba kuna saa tatu ukutani, na saa hizo haziendi pamoja.

Saa ya kwanza ni ya maabara, nayo inakwenda mbio. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walimwezesha mtu asiyeweza kusema kutoa maneno yapatayo 15 kwa dakika, akichagua kutoka katika msamiati wa maneno 50 tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, timu mbili zilitangaza matokeo yao kwa wakati mmoja: moja ilifikia maneno 62 kwa dakika, na nyingine 78. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza huenda kwa maneno kama 160 kwa dakika, kwa hiyo nusu ya safari ilikuwa imekaribia. Wakati huo, hata hivyo, takribani neno moja kati ya manne lilitoka kimakosa katika msamiati mpana. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza habari za mgonjwa mmoja wa maradhi yanayoua neva za misuli, ambaye kompyuta ilimtolea maneno kwa usahihi wa asilimia 97 katika msamiati wa maneno 125,000, tena kwa sauti iliyotengenezwa ifanane na sauti aliyokuwa nayo kabla ya kuugua. Kutoka maneno 50 hadi 125,000 katika miaka mitatu! Hapo yafaa kumshukuru Mungu aliyempa binadamu akili.

Saa ya pili ni ya mwili, nayo ina mwendo wake usiohimizika. Ubongo ni laini, unacheza kidogo kwa kila pigo la moyo, na huijengea kovu kila sindano ngeni inayoingia ndani yake. Kovu hilo hufifisha sauti ya seli ambazo elektrodi zilikuja kuzisikiliza. Kampuni ya Neuralink, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilimwekea mgonjwa wake wa kwanza kifaa chenye elektrodi 1,024 mwezi Januari 2024. Katika majuma machache baadhi ya nyuzi zake zilichomoka kutoka katika ubongo, na wataalamu wakalazimika kuirekebisha programu ili mgonjwa aendelee kukitumia kifaa. Itakumbukwa pia kwamba mwaka 2019 Elon Musk, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alisema anatumaini mtu wa kwanza atawekewa kifaa kabla ya mwisho wa mwaka 2020. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu ya nyongeza. Simtaji ili kumcheka. Namtaja ili tujue kwamba fedha nyingi na akili nyingi haziwezi kulifanya kovu la ubongo litii kalenda ya mwanadamu. Na katika miaka yote tangu mwaka 2004, watu waliowekewa vifaa vya namna hii duniani ni wachache kiasi kwamba wangeweza kuketi wote ndani ya kanisa moja na nafasi ikabaki.

Saa ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi: ni saa ya kumfikia maskini. Tuitazame kwa mfano wa ndugu mkubwa wa teknolojia hii, yaani kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio ili kupeleka sauti kwenye neva ya usikivu. Majaribio yake ya kwanza yalifanyika Paris mwaka 1957. Mwaka 1984 Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha namna hiyo kwa matumizi ya watu wazima. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Kutoka idhini ya Marekani hadi chumba cha upasuaji cha Dar es Salaam ilipita miaka 33: mtoto aliyezaliwa kiziwi mwaka ule alikwisha kuwa mtu mzima. Aidha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji kifaa cha kuwasaidia, kama vile kiti cha magurudumu, miwani au kifaa cha kusikilizia, na kwamba karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Mahali ambapo kiti cha magurudumu hakijafika, tusitegemee kwamba kifaa cha ubongo kitatangulia.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama, na kwa kila mwenye mgonjwa nyumbani, ni hili. Maabara zitaendelea kutushangaza karibu kila mwaka. Hospitali kubwa za nchi tajiri zitahitaji miaka mingi kabla tiba hii haijawa ya kawaida. Sisi tutahitaji mingi zaidi, isipokuwa kama serikali zetu, hospitali zetu na Kanisa lenyewe tutaanza mapema kuidai na kuwaandaa wataalamu. Tena viharusi havifanani. Mafanikio niliyoyataja yamepatikana hasa kwa watu ambao lugha yao ilibaki salama ubongoni na ambao misuli ya kusemea ndiyo iliyogoma. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayounda lugha yenyewe, njia hii bado haijaonesha mafanikio ya namna hiyo. Asiuze mtu shamba wala asikope fedha kwa kumwamini mganga, wakala au tangazo linaloahidi tiba hii kesho.

Sasa turudi Bethsaida, kwa maana pale Bwana alituachia kipimo cha kupimia kasi ya uponyaji wowote.

Kwanza, alimuuliza mgonjwa kama anaona kitu. Hakuwauliza mitume, wala hakuwauliza watazamaji. Baba Mtakatifu Pio XII, alipozungumza mwezi Septemba 1952 na wataalamu wa magonjwa ya mfumo wa neva, aliwakumbusha kwamba maslahi ya sayansi hayatoshi kuhalalisha kila jaribio, kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa isipokuwa yale ambayo mgonjwa amempa, na kwamba mtu hakuumbwa kwa ajili ya kutumiwa na jamii. Maneno hayo yalisemwa miaka zaidi ya 50 kabla ya Nagle kuwekewa kifaa chake, nayo yanafaa leo kuliko siku yaliposemwa. Anayeingia katika utafiti wa namna hii hufunguliwa fuvu la kichwa chake, mara nyingi bila kuahidiwa kwamba atafaidika yeye binafsi. Huyo anawatolea sadaka wale watakaokuja baada yake. Anastahili heshima, na anastahili kusikilizwa.

Pili, Bwana hakumwacha kwenye hatua ya miti. Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Second Sight ilitengeneza kifaa kilichowekwa ndani ya jicho ili kuwapa vipofu uwezo kidogo wa kuona mwanga na maumbo. Watu zaidi ya 350 duniani walikipokea. Waliona, kama kipofu wetu, vivuli na miti inayotembea, nao walifurahi. Kisha fedha zikapungua, mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, na mwaka 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Wagonjwa wakabaki na kifaa ndani ya macho yao, pasipo vipuri na pasipo fundi. Kwa wengine kilizimika, na giza likarudi. Hawa waliguswa mara moja, na mkono wa pili haukuja.

Kwa maoni yangu, hili ndilo swali kubwa kuliko swali la kasi. Simu ikiacha kutengenezwa tutanunua nyingine. Lakini mtu ambaye sauti yake imo ndani ya kifaa cha kampuni, kampuni ikifilisika atasema kwa nini? Teknolojia inayokwenda polepole lakini haimwachi mgonjwa wake ni bora kuliko ile inayokimbia na kumtupa njiani. Sheria za nchi hazina budi kudai kwamba yeyote anayefungua fuvu la binadamu aweke kwanza akiba ya kumtunza mtu huyo kwa miaka mingi, hata kama biashara yake itakufa.

Tatu, alimtoa nje ya kijiji, na baada ya kumponya alimwambia asirudi kijijini. Bwana hakutaka mateso ya mtu yawe maonesho. Leo habari za vifaa hivi hutangazwa kwa kelele, na nyuma ya kelele hizo mara nyingine kuna kiu ya wawekezaji. Wapo wanaosema wazi kwamba lengo la mwisho si kumwinua aliyepooza bali kumwongezea nguvu mwenye afya, ili akili yake iende sambamba na mashine. Kanisa linabariki kwa mikono miwili kurudisha kilichopotea. Tamaa ya kumtengeneza mtu wa daraja la juu kuliko wenzake ni jambo jingine kabisa, na linarudisha kishawishi cha Babeli.

Tena kuna kijiji ambacho hakuna mtu anayepaswa kuingizwa bila ridhaa yake, nacho ni cha mawazo. Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Stanford walieleza kwamba mashine inaweza kutambua kwa kiasi fulani hata maneno ambayo mtu anayasema moyoni tu, pasipo kujaribu kuyatamka. Wao wenyewe waliona hatari yake, wakabuni neno la siri ambalo mgonjwa hulifikiria kwanza ndipo mashine ianze kusikiliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes (namba 16), ulifundisha kwamba katika dhamiri mtu yuko peke yake na Mungu wake. Mahali hapo pasiwe na mfanyabiashara wala askari. Ni jambo la kushukuru kwamba mwaka 2021 nchi ya Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika katiba yake, na kwamba mwezi Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha mapendekezo ya kimaadili juu ya teknolojia hizi. Nchi zetu nazo zisingoje vifaa vifike ndipo ziamke.

Limebaki tendo moja la Bwana, ambalo lilitangulia mengine yote: alimshika kipofu mkono. Kabla ya mguso wa kwanza na kabla ya mguso wa pili, walitembea pamoja. Huu ndio wajibu wetu katika miaka yote ya kungoja, iwe mitano au hamsini.

Mwezi Desemba 1995 mwandishi Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipatwa na kiharusi kilichomwachia ukope wa jicho la kushoto tu. Msaidizi aliketi kando yake akitaja herufi moja baada ya nyingine, naye alipopepesa jicho, herufi ile iliandikwa. Kwa njia hiyo alitunga kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1997. Hapakuwa na elektrodi. Palikuwa na binadamu mmoja aliyekubali kuketi. Je, katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunashindwa nini? Chukueni kipande cha boksi, andikeni zile silabi tulizofundishwa darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Kubalianeni na mgonjwa wenu kwamba kutazama juu ni ndiyo na kufumba macho ni hapana, kisha mjaribu polepole, mkimwomba ushauri daktari au mtaalamu wa usemi pale anapopatikana. Wapo ambao lugha yenyewe imejeruhiwa na hawataweza silabi. Hao nao muwaulize kwa picha, kwa ishara, kwa mkono ulioshika mkono. Kosa kubwa tunalolitenda ni kuzungumza juu ya mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo.

Tumkumbuke pia Mtakatifu Yohane Paulo II. Siku ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2005, akiwa amedhoofishwa na maradhi ya Parkinson na amekwisha kupasuliwa koo ili apate kupumua, alitokea dirishani mbele ya umati. Alijaribu kusema, na sauti haikutoka. Aliinua mkono akawabariki watu kwa ishara ya msalaba, na siku sita baadaye akafariki. Hakuna aliyekuwapo pale aliyedhani kwamba Papa hakusema kitu. Tunawaombea watafiti wafanikiwe upesi, lakini heshima ya mgonjwa wetu haingoji wafanikiwe. Anayo tayari, katika ukimya wake, kwa sababu aliumbwa kwa mfano wa Mungu na kubatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu.

Juma hili nawaomba WAWATA, VIWAWA na viongozi wa jumuiya waniletee majina ya wagonjwa wote wasioweza kusema walio katika maeneo yao, na kila jumuiya imchague mtu wa kuketi na kila mmoja wao walau saa moja kwa juma, akiwa na boksi la silabi na subira. Boksi hilo halitatoa maneno 78 kwa dakika. Likitoa neno moja kwa saa, na neno hilo likawa jina la mke au la mtoto, tutakuwa tumemshika mkono mwenzetu kama Bwana alivyofanya.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ndimi Paroko wenu.